Njia Niliyoifunga kwa Tawi la Mkole

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya kupandisha watu milimani, mkinikuta hapa Singida Mjini mtaona mzee mwenye kofia ya pama na goti moja bovu, basi. Niulizeni. Kabla hamjazaliwa, nilikuwa nimeshatundika ukutani stashahada yangu ya kuongoza watalii, tena ndani ya fremu yenye kioo, na sikumjua mtu mwingine mkoa huu aliyekuwa nayo. Waliokuja ofisini kwangu kuuliza bei waliisoma kwanza, ndipo wakanisalimia.

Sikuzaliwa nayo. Niliondoka kwetu Ikungi juu ya lori la vitunguu, nimekaa juu ya magunia, nina suruali moja na kandambili. Nilishukia Moshi. Nikaanza kama mpagazi wa Kilimanjaro, nikibeba mahema na masufuria ya watu ambao hawakujua jina langu. Kiingereza nilijifunza kwa kusikiliza wageni wakilalamika. Ada ya chuo nililipa kwa mgongo huu huu. Siku niliyopokea cheti niliapa kwamba sitabeba tena mzigo wa mtu mwingine maisha yangu yote. Kiapo hicho kikumbukeni, nitakirudia.

Nilirudi nyumbani miaka ile ya ruksa, ofisi za serikali zikipunguza watu na kila mwenye akili akifungua chake. Huyu kafungua duka la dawa, yule mashine ya kukamua alizeti, mimi nikafungua kampuni ya kutembeza watu milimani. Walinicheka sana. Mjomba wangu aliuliza mbele ya watu, huyu mtoto anataka wenzake walipe ili wachoke? Ndiyo, Mjomba. Na walilipa.

Kabla ya kisa chenyewe, nina mambo mawili matatu ya kazi, maana nyie siku hizi mnategemea simu, na simu ikizimika mnabaki mmesimama kama nguzo.

Viatu vya mtumba ni vizuri, lakini kabla ya safari kunja soli kwa mikono miwili. Viatu vikikaa miaka mingi kwenye marobota, gundi hukauka. Nimewahi kumteremsha ofisa mmoja mwenye heshima zake akiwa amefunga soli kwa kamba ya katani, na mpaka leo tukikutana sokoni huangalia pembeni.

Kuhesabu watu, usihesabu kwa macho. Gusa bega. Macho huhesabu mtu mmoja mara mbili, hasa kama ni mwongeaji. Hili nilifundishwa na Mzee Elia, mpishi wa msafara wangu wa kwanza kule Moshi, mtu mfupi aliyepanda mlima ule mara nyingi kuliko alivyopanda kitanda chake. Yeye ndiye aliyenifundisha pia kwamba mtu wa miguu mizito anatembea mbele, nyuma ya kiongozi moja kwa moja, ili wote waende mwendo wake. Na aliniambia niweke saa ya kugeuka. Ikifika, mnageuka, hata kama kilele kipo umbali wa kutupa jiwe. Saa yangu ilikuwa saa nane mchana. Niliivunja siku moja tu.

Ile ya miguu mizito niliivunja siku hiyo hiyo. Sasa ndio tunaingia kwenye kisa.

Nilikuwa na safari moja niliyojivunia kuliko zote. Juu ya Kinyangiri kuna milima mitatu ya mawe iliyoshikana mabega. Wenyeji wana majina yao ya Kinyiramba, lakini kwenye karatasi yangu ya matangazo niliiita Kwanza, Kati na Mwisho, ili mteja ajue analipia nini. Mnaondoka mjini kabla ya jua, mnapita vilele vyote vitatu, jioni mpo nyumbani. Nilipeleka watu mwanzoni mwa kipupwe tu, mvua zikishaisha: mtama unakatwa, alizeti zimeinamisha vichwa, nyasi zinaanza kugeuka rangi ya simba, na upepo wa juu unakulazimisha kuvaa sweta hata saa tano.

Wiki moja kabla ya safari, aliingia ofisini mama mmoja wa makamo ya kustaafu, anatembelea fimbo. Nilimjua. Mji mzima ulimwita Sista Naomi, kwa sababu alikuwa nesi, na nusu ya watoto wa mji ule aliwapokea kwa mikono yake. Nilisimama, nikampa shikamoo, nikampa kiti. Hakusoma stashahada. Aliniuliza kama kweli nafika mlima wa tatu.

Nikamwambia nafika nimefumba macho.

Akaeleza shida yake. Nyonga ilikuwa inakwisha. Daktari amemwambia mwaka huu ndio wa mwisho kupanda chochote kirefu kuliko kitanda. Upande wa nyuma wa mlima wa tatu ndipo yalipokuwa maskani ya mama yake, kabla watu hawajahamishiwa kwenye vijiji vipya. Yeye wakati huo alikuwa kazini mjini. Mama yake alipandishwa lori na vitu vichache, na jiwe lake la kusagia likabaki, lile dogo la mkononi, kwa sababu dereva hakutaka kusubiri. Mpaka anafariki alikuwa analiulizia. "Nami nikimcheka," Sista alisema. "Namwambia, Mama, nitakununulia unga wa mashine, jiwe la nini?" Sasa alitaka kupaona mahali pale, hata kwa mbali. Alikuwa ameambiwa njia ya zamani imepotea vichakani, ila kutoka kilele cha tatu panaonekana.

"Utasimama kile kilele, Mama," nilimwambia. "Nakuahidi mimi, mwenye cheti kile pale."

Ahadi ya namna hiyo msiitoe, vijana. Niliitoa.

Siku ilipofika tulikuwa na wageni kumi na mmoja ndani ya Landrova ya kukodi, walimu na wafanyakazi wa maofisi, wamechanga ili wapate siku ya hewa safi. Chini ya mlima tulimkuta Mama Shila, mwanamke wa Kinyangiri niliyemwajiri kupika na kubeba chakula. Kuku wa kienyeji alikuwa ameshamchemsha, viazi vitamu vimefungwa kwenye kanga, na kando ya sufuria ameweka kifurushi cha vijiti vibichi vya minyaa, ile ya kuzungushia maboma.

Nikamuuliza vijiti vya nini.

"Vya kufungia njia."

Mnajua desturi yetu. Msafara ukigawanyika, wa mbele wakifika njia panda huweka tawi bichi kukata ile njia isiyofaa, na wa nyuma wakiliona wanajua wasipite. Kila mtoto wa Singida analijua hilo. Lakini minyaa ina utomvu, na chuoni tulifundishwa kwamba utomvu ule ukiingia jichoni unaweza kupofua. Nikamwambia avitupe, kwanza viko karibu na chakula, halafu matawi yamejaa huko juu, njia nitafunga mwenyewe.

Mimi Mnyaturu, yeye Mnyiramba, sisi watani, kwa hiyo hakuniogopa.

"Sawa, Bwana Cheti," alisema. Akavitupa kwenye ua, akafuta mikono kwenye nyasi. "Mlima wenyewe unajua kusoma?"

Wageni walicheka. Nilicheka pia, lakini nilicheka kama bosi.

Kisha nikapanga mstari. Nikamwita Sista Naomi aje mbele, nyuma yangu, kama alivyonifundisha Mzee Elia. Akakataa. Alisema hawezi kutembea watu kumi wakimtazama mguu unavyoburuta, tena wengine aliwazalisha yeye. Atakaa mwisho, kwa raha zake. Nilipaswa kumkatalia. Lakini mimi nimelelewa hapa, mama wa umri ule akisema, husimami kubishana naye mbele ya watu. Nikasema, haya Mama. Nikamweka Mwalimu Hango awe mtu wa nyuma pamoja naye, nikampa filimbi. Hango alikuwa mwalimu wa hesabu, Mnyaturu mwenzangu, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri.

Mlima wa kwanza tulipanda bila shida. Wa pili vilevile, saa tano hivi, na Sista alifika akitabasamu, jasho likimtiririka mpaka kwenye shingo. Nikagusa mabega, kumi na mmoja. Kati ya mlima wa pili na wa tatu kuna mahali pameshuka kama tandiko la punda, na hapo njia inagawanyika. Ya kulia inapanda kileleni. Ya kushoto inaingia vichakani, na mimi nilikuwa nimeiona kutoka juu mara mbili nilipokuwa napima safari hii: inakwenda moja kwa moja hadi jabali lililokatika, na chini yake kuna hewa tu. Kundi la nyuma lilikuwa limeachwa mbali kidogo. Nikavunja tawi kubwa la mkole, lina majani mazuri ya kijani, nikalilaza kukata njia ya kushoto. Nikajipongeza. Tukapanda.

Tulifika kilele cha tatu saa sita hazijagonga. Wageni walitandika kanga, Mama Shila akafungua sufuria. Nikasubiri. Saa sita na nusu, nyuma hakuna mtu. Nikapuliza filimbi yangu, nikasikiliza. Upepo tu. Nikagusa mabega, ingawa nilijua jibu. Tisa.

Niliwaambia wale tisa wasiinuke hapo hata iweje, nikaanza kushuka mbio. Mama Shila alinifuata bila kuambiwa, na sikumsikia nyuma yangu mpaka tulipofika njia panda, maana alikuwa peku.

Tawi halikuwepo.

Nilitafuta pembeni, nikidhani upepo umelipeperusha. Mama Shila akainama, akaokota fimbo nyembamba nyeupe, imemenywa mpaka ganda. Akanionyesha. Kisha akanionyesha chini, vinyesi vidogo vyeusi, bado vibichi, njia nzima ya kushoto.

"Umefunga njia kwa mkole," alisema. Hakusema kwa utani. "Mbuzi wanaupenda mkole kuliko chumvi. Wamepita wamekula mlango wako. Ndiyo maana sisi tunakuja na minyaa. Minyaa mbuzi hawaigusi."

Vijana, nimekaa darasani, nimefanya mitihani kwa Kiingereza, nimefaulu. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza mbuzi anakula nini.

Nilikimbia njia ile ya kushoto nikiliona lile jabali kabla sijalifikia. Mchangani kulikuwa na alama ya fimbo ya Sista, kitundu cha duara, hatua, kitundu, hatua. Nilivifuata vile vitundu kama mtu anayesoma barua ambayo hataki kufika mwisho wake. Kwenye mwamba mtupu vikaisha. Mbele yangu palikuwa na ukingo, na baada ya ukingo, mbuga ya chini ikienda mpaka macho yanachoka. Nikalala kifudifudi, nikachungulia. Sikuona kitu. Nikaita. Naomba msije mkaita jina la mtu kwa sauti niliyoita mimi siku ile. Nilikuwa nimemwahidi mwanamke mgonjwa kusimama mahali, na sasa nilimtafuta chini ya jabali.

Mama Shila akanishika ukosi wa shati, akanivuta nyuma.

"Toka hapo. Mbuzi hawaruki. Wamekwenda wapi?"

Akatazama mwamba, si ukingo. Nami nikatazama. Upande wa kushoto, nyuma ya jiwe kubwa kama nyumba, mwamba ulikuwa umesuguliwa mpaka unang'aa, kwa kwato za miaka mingi. Njia haikuishia kwenye jabali. Ilizunguka jiwe lile, ikashuka taratibu kwenye kibaraza kipana cha ardhi kilichofichika ubavuni mwa mlima. Kutoka juu huwezi kukiona, na mimi nilikuwa nimeangalia kutoka juu. Nilikuwa sijamuuliza mtu yeyote wa Kinyangiri.

Tukashuka. Mbuzi walikuwepo, kama thelathini, wanakula majani marefu ya kijani mahali ambapo kila kitu kingine kilishaanza kukauka. Mama Shila alisema mahame huwa hivyo, samadi ya zizi la zamani hailali. Kati ya mbuzi, Mwalimu Hango alikuwa ameketi ametoa viatu, na alipotuona alijitetea mara moja kwamba alipiga filimbi mpaka midomo ikavimba, na kwamba njia ilikuwa wazi kabisa, haina hata jani.

Sista Naomi alikuwa amepiga magoti juu ya mwamba bapa. Juu ya mwamba ule kulikuwa na mashimo matatu ya mviringo, laini kama bakuli, yaliyochimbwa na kusaga kwa vizazi vingi. Mkono wake ulikuwa ndani ya shimo la kati.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali njiani. Nilipomfikia, ulimi ukafanya ulichozoea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alisema, bila kuinua macho. "Umechelewa."

Nikaketi kando yake. Akaniambia kwamba alipofika kwenye lile jabali Hango alitaka warudi, lakini yeye aliona ule mwamba uliong'aa, na miguu ikakumbuka kabla ya kichwa. Alikuwa akishuka pale akiwa mtoto, ndoo kichwani. Alidhani mimi niliyepanga safari nilikuwa nimepafahamu tangu mwanzo, nikaiacha njia wazi kwa ajili yake.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Sikuisema. Nilinyamaza, na Mama Shila aliniangalia nikinyamaza, na yeye akaninyamazia.

Jiwe la mkononi Sista alikuwa ameshalipata. Lilikuwa ukingoni mwa mwamba, limefukiwa nusu kwenye samadi, lina ukubwa wa mkate na upande mmoja bapa unaoteleza. Alilipakata kwenye mapaja kama alivyopakata watoto wa mji mzima. Saa yangu ilisema saa nane kasoro dakika kumi.

Nikamwambia muda wa kupanda mlima wa tatu umekwisha, na kwamba nimevunja ahadi yangu. Nilisema kwa shida, sijazoea.

"Kilele nikifanye nini tena?" alisema. "Kule ningepaona kwa mbali."

Mama Shila alijua njia ya zamani ya kushuka kutoka hapo hadi barabarani, ndiyo waliyopitia waliohamishwa, fupi na isiyo na mawe. Tukakubaliana yeye atangulie, Hango amshike Sista mkono, mimi nirudi kuwachukua wale tisa. Mama Shila akanyoosha mkono achukue jiwe aliweke kichwani. Nikawahi. Nilitoa sweta na dumu la maji kwenye begi, nikaliweka jiwe ndani.

Sista akaniuliza nalipeleka wapi.

"Nilikuahidi kilele, Mama. Basi jiwe lipite kileleni kwanza, ndipo lishuke."

"Lifikishe," alisema. "Halafu ulirudishe."

Kilo tano kasoro kidogo. Mpagazi wa zamani hakosei uzito, mikanda ya begi inamwambia. Nilipanda mlima wa tatu mara ya pili siku ile, na mzigo wa mtu mwingine mgongoni, mimi niliyeapa. Wale tisa waliponiona nafungua begi na kutoa jiwe walidhani nimechanganyikiwa kwa jua. Nililiweka juu kabisa, ule upande bapa ukitazama mahame, nikawaambia ni la Sista Naomi, kaniagiza. Mmoja alivua kofia. Kisha wakagawana masufuria wenyewe, tukashuka. Tuligeuka saa tisa kasoro. Ndiyo mara pekee, na ninyi msiniige.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Msimu uliofuata nilichapisha karatasi mpya ya matangazo na nikaongeza kituo cha nne, Mahame. Wateja walikipenda kuliko vilele. Wakiniuliza nilipagunduaje, niliwajibu kwamba mtaalamu hupima kila pembe ya mlima. Miaka yote hiyo niliwaacha waamini. Mama Shila aliendelea kufanya kazi nami, akawa ndiye anayetangulia na kufunga njia, na kila asubuhi ya safari aliniletea kijiti kimoja cha minyaa mezani, kimefungwa kwenye karatasi ili utomvu usininase. Nimesema leo kwa sababu yeye hayupo tena kunyamaza kwa ajili yangu, na kwa sababu yupo kati yenu atakayerudi na cheti chake kesho na kumwambia mama wa watu atupe vijiti vyake.

Sista nilimwambia kweli mwenyewe, mwaka ule ule. Nilikwenda kwake kabla ya mvua. Nilikuta lile jiwe barazani, na chini yake bamba la mwamba alilotafutiwa na vijana wa mtaani. Nilimweleza yote, mkole, mbuzi, jabali, jinsi nilivyolala kifudifudi. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema nikae, nisiondoke.

Alimimina konzi mbili za uwele, akapiga magoti na nyonga yake ile, akasaga. Ilichukua muda mrefu. Akapika uji, akaniletea kwenye bakuli la udongo.

Mimi nimekula kwenye hoteli za Moshi na Arusha, mezani pamoja na wazungu. Uji ule ulikuwa na mchanga wa jiwe, unasikika kwenye meno. Niliumaliza wote, nikaomba bakuli la pili.